Mwenye Kiwanja wa Kwanza

Ukipita Kihonda asubuhi mwanzoni mwa mvua, mahali ambapo nyumba bado hazijafika, simama kidogo uitazame milima ya Uluguru. Huenda ukasikia juu yako mlio kama wa karata zinazochanganywa upesi. Huyo ni kipozamataza dume, wa ile aina ipigayo mabawa. Hupaa juu na kuyapiga ili atangaze kwamba kipande kile cha ardhi ni chake.

Jike ni vigumu kumwona. Rangi yake ni ya udongo na majani makavu, na kiota chake ki chini, kando ya shina la nyasi. Makinda hutoka kiotani kabla hawajaweza kuruka vizuri. Moto ukija, hawana pa kukimbilia.

Sisi wafanyakazi twahitaji viwanja. Hilo halina ubishi. Lakini je, ni lazima kiwanja kisafishwe kwa kiberiti? Fyeka kwa panga, ukiangalia unapokanyaga. Ukikuta kiota, liache shina hilo kwa majuma machache, uwaonyeshe watoto wako kwa mbali. Mwenyeji huyo ataondoka mwenyewe, bila kudai fidia.