Mkate wa kahawia pekee hautapunguza kitambi

NI nyumba chache za mjini ambazo huamka bila mkate mezani. Serikali ilipopendekeza mwaka wa 2024 kuutoza mkate ushuru wa VAT wa asilimia 16, kelele zilizozuka zilionyesha jinsi tunavyouthamini, na pendekezo hilo likaondolewa hata kabla ya Mswada wa Fedha wenyewe kuondolewa. Kwa hivyo, mtu anapoambiwa kliniki kwamba apunguze uzani, jambo la kwanza linalomtia simanzi si nyama wala pombe. Ni mkate.

Yalinifika mimi mwenyewe. Sukari ya damu ilikuwa imeanza kupanda, haijawa kisukari kamili, na muuguzi alinitazama tumbo kisha akauliza, "Mzee, asubuhi unakula vipande vingapi vya mkate?" Nikamjibu vinne. Nilidanganya, vilikuwa sita.

Nilipotoka hapo nilipitia dukani, nikaacha mkate mweupe na kuchukua ule wa kahawia, nikaendelea na sita vyangu bila wasiwasi wowote. Baada ya miezi mitatu mizani ilikuwa pale pale.

Nadhani wasomaji wengi wamo katika kosa hilo hilo. Gramu 100 za mkate mweupe zina kalori zipatazo 265. Za mkate wa ngano nzima zina kama 250. Mkate wetu wa gramu 400 basi una kalori 1,000 au zaidi, uwe mweupe, uwe wa kahawia. Isitoshe, rangi si ushahidi. Soma maandishi madogo kwenye karatasi: kiungo kilicho kingi ndicho hutajwa kwanza. Ukikuta unga wa ngano wa kawaida umetangulia, na mbele huko kuna rangi ya sukari iliyounguzwa, jua umenunua mkate mweupe uliovalishwa koti. Wangu ulikuwa wa namna hiyo, na nililipa shilingi kadhaa zaidi kwa ajili ya koti hilo.

Wala hila hizi hazikuanza kwetu. Mwaka wa 1964 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliunga mkono amri dhidi ya matangazo ya mkate ulioitwa Hollywood, uliosifiwa kuwa na kalori chache kwa kila kipande. Ukweli ni kwamba vipande vyake vilikatwa vyembamba tu kuliko vya mikate mingine.

Hata hivyo, ngano nzima halisi ina faida moja kubwa, nayo ni shibe. Mwaka wa 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, waliwalisha watu vyakula 38, kila kimoja kikiwa na kalori 240, wakapima jinsi walivyoshiba kwa muda wa saa mbili. Mkate mweupe ulipewa alama 100. Mkate wa ngano nzima ulipata 157. Krosanti, ule mkate wa Kifaransa uliojaa siagi, ulipata 47. Viazi vilivyochemshwa vilishinda vyote kwa alama 323.

Hapo najua kuna watakaosema: basi achana na mkate, rudi kwa viazi vitamu na nduma kama wazee wetu. Ni ushauri mzuri, na Jumapili ninaufuata. Lakini mtu anayetakiwa kuwa stejini saa kumi na moja na nusu alfajiri atachemsha nduma saa ngapi?

Kabla ya kuulaumu mkate, tazama kile unachoupaka. Kijiko kidogo cha siagi kina kalori kama 35, na kila kipande changu kilikuwa kikimeza viwili. Vipande sita vilinipa kalori 420 za siagi, karibu sawa na mkate wenyewe! Siku hizi napaka avokado iliyopondwa yenye chumvi kidogo na ndimu, ambayo kijiko chake kikubwa hakifiki kalori 30, au naweka nyanya na kitunguu. Kuchoma mkate, wanavyodhani wengine, hakupunguzi kalori. Kunaongeza utamu tu, lakini hata utamu una kazi yake, kwa maana mkate usio na ladha humfanya mtu atafute jamu.

Mkate ulionifaa hasa ni ule tunaopika nyumbani Ijumaa usiku. Vikombe viwili vya unga wa atta wenye pumba zake, kimoja cha unga mweupe, kimoja cha boga lililochemshwa na kupondwa, nusu kijiko kidogo cha hamira na kijiko kidogo cha chumvi. Sukari hatutii. Kanda kwa maji kidogo kidogo, kwani boga lina maji yake, kisha funika hadi asubuhi. Hamira chache na usiku mrefu ndivyo vinavyoleta ladha. Haraka huleta mkate wa kuhitaji sukari. Sisi hatuna joko, kwa hivyo huupika ndani ya sufuria, makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko, kwa dakika 45 hivi. Ule wa kwanza uliungua chini na watoto wakaukataa.

Kwa hesabu yangu unafika kalori 220 kwa gramu 100. Tofauti hiyo si ya kushangaza. Lakini ni mzito, unatafunwa, na vipande vitatu vinanifikisha saa saba mchana bila mandazi ya saa nne. Hayo mandazi ndiyo yaliyokuwa yakiniua. Katika miezi mitano nimepunguza kilo nne.

Waokaji wetu wangeweza kutusaidia tusio na muda wa kukanda. Sidai mkate wa bei ghali wa kuwekwa rafu ya wagonjwa. Nadai waandike kwenye karatasi, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, ni asilimia ngapi ya unga wao ni ngano nzima, na wakikataa kuandika, tusiwalipe zaidi ya bei ya mkate mweupe.