Kilometa hazikuongezeka, njia ndiyo imefungwa

Vijana wenzetu wa Mweso, Goma, Bukavu na kwengine,

Ukiuliza simu yako kutoka kiwanja cha ndege cha Goma mpaka Kavumu ni mbali gani, itakujibu: karibu kilometa 85, ndege haimalizi nusu saa. Kwenye karte ni kweli. Lakini tangu M23 iingie Goma mwezi wa kwanza 2025, kiwanja kilifungwa. Kavumu nayo ikachukuliwa tarehe 14 Februari. Tumebaki na boti ya ziwa ao barabara ya Minova.

Sasa fanya hesabu kutoka Mweso. Mpaka Goma ni kama kilometa 100, kupitia Kitshanga na Sake. Lakini nani kule anahesabu kilometa? Watu wanahesabu matope, bariere, franka za moto, na habari za mapigano ya jana. Ukifika Goma na unatakiwa Kinshasa, safari iliyokuwa ya saa mbili na kitu hewani, leo unavuka mpaka kwanza, unatafuta ndege Kigali ao Entebbe. Mkongomani anatoka mji wa Kongo kwenda mji wa Kongo, na anaomba njia kwa jirani!

Kuna wenye kusema: ndege ni mambo ya matajiri, mtu wa Mweso inamuhusu nini? Inamuhusu sana. Dawa ikishuka haraka Goma, ndiyo inaweza kupanda Kitshanga na kufika hopitali ya Mweso kabla mgonjwa hajaisha. Ikizungukia mbali, ni yeye anangojea.

Tusidanganywe kwamba shida ni milima. Walikale, pale Kilambo, kipande cha barabara kiligeuzwa kiwanja, ndege ndogo zikawa zinatua na kubeba kasiterite ya Bisie mpaka Goma. Kwa jiwe, njia ilipatikana. Kwa mama mwenye mimba, wanasema ni mbali.

Tarehe 30 Oktoba 2025, kule Paris, Rais Macron alitangaza kwamba kiwanja cha Goma kitafunguliwa kwa ndege za msaada, katika wiki zinazofuata. M23 ikapinga. Wakubwa wanabishana nani ataamuru kiwanja, na sisi tuko tunahesabu wafu.

Kwa hiyo, kwa serikali ya Kinshasa na kwa AFC/M23, wote wawili, tunasema:

1. Kiwanja cha Goma kifunguliwe kwa msaada na kwa wagonjwa, bila kukitumia kwa kusafirisha silaha.

2. Barabara ya Sake–Kitshanga–Mweso iachwe wazi kwa raia. Ndege ikitua Goma na bariere ikabaki njiani, kwa Mweso hakuna kilichofunguliwa.

3. Bariere za kulipisha raia ziondolewe, zikiwa za nani zikiwa za nani.

Na wewe unayesoma, tusaidie. Tuandikie safari yako ya mwisho: ulitoka wapi, ulifika wapi, saa ngapi, ulilipa mara ngapi. Usiweke jina, usipige picha kwenye bariere. Uhai wako ni wa kwanza. Tutakusanya hizo saa zote na kuziweka mbele yao, juu wakisema tena "ni karibu tu", tuwe na la kuwajibu.

Njia ni haki, si zawadi.