Maduka Yetu na Kemikali Zisizooza

Katika kitabu hiki cha mwaka tumezoea kusoma habari za arusi, za watoto waliozaliwa na za wazee waliotutangulia mbele ya haki. Safari hii naomba nafasi kidogo niseme juu ya biashara zetu. Katika jamaa zetu tulio hapa Minnesota ni chache nyumba zisizokuwa na mtu mwenye duka, au mwenye kuagiza mazulia, vipodozi na vyombo vya jikoni. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inawahusu wote hao, wapende wasipende.

Sheria hiyo ni ya kemikali ziitwazo PFAS. Ndani yake kaboni na florini zimeshikana kwa nguvu mno hata jua, maji na vijidudu vya udongo havifui dafu. Ndizo zinazofanya kikaango kisishike chakula, zulia lisinywe doa na koti lisipitishe maji. Lakini uzuri wake ndio ubaya wake: kwa kuwa haziozi, hubaki katika maji na ardhi, kisha huingia katika damu za watu. Mwaka 2012 wataalamu waliochunguza watu wa bonde la mto Ohio, waliokunywa maji yenye mojawapo ya kemikali hizo, walitaja maradhi sita ambayo yaelekea yanahusiana nayo, miongoni mwao saratani ya figo na maradhi ya tezi ya shingo.

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Kampuni ya 3M ilizitengeneza kemikali hizi hapa Cottage Grove, na maji ya ardhini katika vitongoji vya mashariki ya St. Paul yakachafuka. Jimbo liliishitaki mwaka 2010, na mwaka 2018 kesi ikaisha kwa mapatano ya dola milioni 850. Sheria yenyewe imepewa jina la Amara Strande, binti wa upande huo aliyeugua saratani ya ini. Alisimama mbele ya watunga sheria akawaomba wachukue hatua, akafariki Aprili 2023 kabla ya kutimiza miaka 21. Sheria ilitiwa sahihi mwezi uliofuata.

Sasa tazameni inakataza nini. Bidhaa yenye PFAS iliyotiwa kwa makusudi haiuzwi tena ikiwa ni katika mafungu kumi na moja, na humo mna mazulia, vyombo vya kupikia, vipodozi, sabuni na dawa za kusafishia, vifaa vya watoto, na viti na makochi ya kitambaa. Mwaka 2032 itaenea kwa bidhaa zote, ila zile ambazo jimbo litaona haziepukiki. Tena sheria haikusema kutengeneza, imesema kuuza. Mwenye duka hawezi kusema, "Mimi sikuitengeneza."

Najua watakaosema kwamba sisi ni wadogo, na nani atakuja kukagua rafu zetu? Kauli hiyo siikubali. Ndugu zetu walio Maine wamefikiwa na sheria kama hii tangu Januari 2026, na Ufaransa nayo imekataza vipodozi na nguo za namna hiyo tangu mwezi huo huo. Mlango huu unafungwa kila upande. Atakayengoja kubishiwa hodi atakuta fedha zake zimelala katika mali isiyouzika.

Yatupasa basi tufanye nini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye duka aandike orodha ya bidhaa zake zilizomo katika mafungu hayo, kisha amwandikie anayemuuzia, awe Chicago au Dubai, amuulize kwa maandishi kama ndani mna PFAS. Jibu lihifadhiwe. Asiyejibu, tusinunue kwake. Wala tusidanganywe na kikaratasi kisemacho kikaango hakina PFOA. Hiyo ni moja tu katika maelfu ya kemikali hizi, na kikaango kinaweza kuikosa nacho kikawa kimepakwa PFAS nyingine. Sufuria tupu, chuma kisichoshika kutu na chungu cha udongo havina matata hayo. Vijana wetu waliosoma wawasaidie shangazi na wajomba zao kuandika barua hizi. Barua moja nzuri yaweza kutumiwa na maduka kumi.

Liko jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tumeanza kusikia shauri kwamba mali isiyouzika hapa itiwe katika makontena ipelekwe Mombasa na Dar es Salaam, kwa kuwa huko haitaulizwa. Shauri hilo ni baya. Kenya na Tanzania zimo katika Mkataba wa Stockholm wa kemikali zisizooza, ambao Marekani yenyewe ilitia sahihi mwaka 2001 na mpaka leo haijauridhia. Mkataba huo umekwisha kuzitia katika orodha yake baadhi ya kemikali za jamii hii, moja mwaka 2009 na nyingine mwaka 2019. Hata hivyo kwangu hoja kubwa si mkataba. Mama zetu ndio watakaokipikia kikaango hicho, na kikichakaa kitatupwa jalalani karibu na kisima wanachokinywea. Tulichokiona hakifai kwa jirani yetu wa St. Paul, kwa nini kiwafae wao?

Hasara ya shehena moja tutaibeba. Tugawane mzigo huo kama tunavyogawana gharama za msiba, mwenye duka asiachwe peke yake. Naomba wakuu wa koo walizungumze katika mkutano wetu ujao, na waanze na hilo la makontena.