Kabla ya Kumtuhumu Wifi, Tazama Majani



Ndugu zangu katika imani, na khasa nyinyi kina mama, siku moja baada ya sala ya Alasiri alinijia mama mjane anayelea mayatima watatu. Mali yake ni ng'ombe mmoja wa maziwa; maziwa hayo ndiyo karo, ndiyo unga, ndiyo kitoweo. Yalikuwa yakipungua wiki baada ya wiki, na daktari wa mifugo hakuona ugonjwa. Mama yule akaniambia kwa sauti ya chini: "Sheikh, hili ni jicho la wifi yangu. Alikuja akamsifu ng'ombe wala hakusema Mashaallah. Niandikie kombe, na yeye kwangu asikanyage tena."

Jicho ni haki, Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha hivyo. Lakini dhana mbaya ni dhambi, na kukata udugu ni dhambi kubwa zaidi. Nikamjibu: "Mwanangu, dua tutasoma. Ila kwanza twende tukaone ng'ombe wako anakula nini." Nikafuatana na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye leo ni afisa wa kilimo.

Nyuma ya nyumba tukakuta majani ya nepia yamepita kimo cha mtu, mashina magumu kama fito. Ardhi yenyewe ni mchanga, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani yetu. Majani ya chini yalikuwa kijani, lakini yale machanga ya juu yamepauka kuwa manjano. Mama akasema kila mvua hutia mbolea ya yurea, na kinyesi hukitupa shimoni kwa kuogopa najisi.

Kijana wangu akatueleza. Nyasi huhitaji nitrojeni na salfa, ambayo wazee huiita kiberiti, ili zitengeneze protini. Nitrojeni ikipungua, nyasi huitoa katika majani makuukuu na kuyapa machanga, mfano wa mama ajinyimaye ili mwanawe ale. Basi ya chini ndiyo yatakayoanza kuwa manjano. Salfa haihami kwa wepesi huo, kwa hiyo ikikosekana huanza kupauka majani machanga. Yurea ina nitrojeni sehemu 46 kwa 100, lakini salfa haina kabisa. Mama alikuwa akiongeza kimoja huku cha pili kikizidi kupungua, kwani kila mkato wa majani huondoka na sehemu ya rutuba.

Katika tumbo la kwanza la ng'ombe, Mola ameweka viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyovunja nyasi. Navyo pia huhitaji vyote viwili, kwa kadiri ya sehemu 1 ya salfa kwa sehemu 10 hadi 15 za nitrojeni. Protini ya majani makavu ikishuka chini ya sehemu 7 kwa 100, viumbe hao hudhoofika, nyasi hukaa tumboni muda mrefu, na mnyama hula kidogo. Tumbo limejaa, naye ana njaa.

Tiba tuliyoafikiana ni hii. Kwanza, nepia ikatwe ifikapo kiasi cha mita 1, yaani wiki 6 hadi 8 wakati wa mvua, kabla haijakomaa. Pili, samadi irejeshwe shambani: ifunikwe isipigwe na jua wala mvua, kisha ifukiwe mitaroni kati ya mistari; ile harufu kali ya samadi iliyoachwa wazi ni nitrojeni inayopaa. Tatu, akinunua mbolea, apime udongo kwanza. Salfeti ya amonia ina nitrojeni 21 na salfa 24 kwa 100, lakini ikizidi huchachusha ardhi. Nne, aongeze majani ya lukina, yasizidi thuluthi ya chakula. Na mbolea ya nitrojeni isipite kiasi, kwani nyasi zilizoilimbikiza, khasa baada ya ukame, huweza kumuua mnyama. Kila kitu kina mizani yake.

Ama kuhusu najisi: katika madhehebu yetu ya Shafi, kinyesi cha ng'ombe ni najisi hata kama nyama yake ni halali. Lakini wanazuoni wamejuzisha kurutubishia ardhi, na mmea uotao hapo ni twahara. Kilichoguswa na kinyesi kikioshwa hutwaharika. Basi usiitupe neema kwa kukosa kuuliza.

Kumlisha mnyama ni wajibu wa mwenye kumfuga, nasi twaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula. Mama yule hakukusudia, lakini sasa amejua.

Maziwa hayakurudi kwa siku moja. Yalianza kupanda baada ya majani mapya kuchipua na kukatwa kwa wakati wake. Siku hiyo alijaza jagi, akajitanda buibui, akaenda kwa wifi yake kuomba radhi kwa maneno aliyokwisha kuyasema kwa majirani. Hilo, kwangu mimi, lilikuwa zito kuliko maziwa.

Wabillahi tawfiq.