MAARIFA YA NYUMBANI: Printa na Kompyuta ya Linux

Kompyuta kuukuu si lazima itupwe. Ikiwekewa mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, yaweza kutumika tena kwa miaka kadhaa, na mfumo wenyewe haulipiwi. Aina yake mojawapo, Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, ina jina ambalo Mrundi hahitaji kufasiriwa: ubuntu ni utu na ukarimu.

Taabu huanza inaponunuliwa printa. Mwalimu wa Buyenzi atakaye kuchapa mitihani nyumbani, au mama wa Bwiza atakaye kuwachapia majirani barua za maombi ya kazi, huweka akiba kwa miezi. Akinunua kwa kutazama bei peke yake, huenda akafika nyumbani na kukuta kwamba sidii iliyomo katika boksi ni ya Windows tu. Akiba yote imekwisha, na hakuna hata ukurasa mmoja uliochapwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika dukani, kabla ya fedha kutoka mfukoni. Tangu mwaka 2010 zimeenea printa ziwezazo kujieleza zenyewe kwa kompyuta: ukubwa wa karatasi, rangi, na namna ya kupokea kazi. Alama za kutafuta katika boksi ni AirPrint, Mopria au IPP Everywhere. Printa yenye alama mojawapo aghalabu hupokewa na Linux bila sidii yoyote. Ikiwa ni printa iliyokwisha kutumika, mnunuzi aandike jina na namba yake kamili, kisha aitafute katika orodha ya OpenPrinting. Printa nyingi za HP hutumia programu ya HPLIP, nayo ni ya bure. Lakini baadhi yake huhitaji nyongeza inayochukuliwa katika intaneti, hivyo yafaa ipatikane mapema.

Printa ikishafika nyumbani, iunganishwe kwa waya, au kwa waifai ileile inayotumiwa na kompyuta. Katika Linux, kazi ya kupeleka maandishi kwenye printa hufanywa na programu iitwayo CUPS, iliyotolewa mwaka 1999. Ili kuifikia, hufunguliwa kivinjari na kuandikwa localhost:631. Ukurasa huo umo ndani ya kompyuta yenyewe, basi hufunguka hata intaneti isipokuwapo. Hapo printa huongezwa, kisha huchapwa ukurasa wa majaribio. Karatasi ichaguliwe A4. Ikiachwa Letter, kipimo cha Marekani chenye urefu wa milimita 279 badala ya 297, maandishi huenda yakakaa upande, au printa ikagoma ikidai karatasi nyingine.

Jambo la mwisho ni subira. Umeme ukikatika au karatasi ikikwama, foleni ya CUPS yaweza kusimama, nazo kazi zikabaki zikingoja. Asiyejua hubonyeza tena na tena; foleni ikifunguliwa, mtihani mmoja hutoka mara kumi, wino na karatasi vikapotea bure. Ajuaye hurudi katika ukurasa ule wa 631, akafuta kazi zilizorudiwa, akabakiza moja, ndipo akairuhusu printa iendelee.

Kuuliza si ujinga. Mwenye kompyuta ya kuchukulika aibebe hadi dukani, aombe kuchapa ukurasa mmoja mbele ya muuzaji, ndipo alipe.