Yadi za makaa zisiachwe kwa mvua

Wakazi wa Wazo, jirani na machimbo ya chokaa ya kutengenezea saruji, wanaijua thamani ya saruji na adha ya vumbi. Saruji hiyo huhitaji moto, na sehemu ya moto huo ni makaa ya mawe kama ya Ngaka, Mbinga.

Rundo la makaa likilowa mvua, maji meusi hutiririka. Makaa yakiwa na salfa, maji hayo hugeuka tindikali na huweza kuua samaki. Yadi zijengewe sakafu ya zege na mabwawa ya kutuamisha tope.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imeweka utaratibu wa dhamana ya kurekebisha eneo la mgodi baada ya uchimbaji. Tume ya Madini iihakiki kabla lori la kwanza halijapakiwa, na udongo wa juu utunzwe tangu mwanzo kwa ajili ya urekebishaji huo.