Mtoto Anapobana Pumzi Majini

Katika Delta ya Rufiji maji ndiyo barabara. Kutoka Nyamisati kwenda vijiji vya ndani ya mikoko watu husafiri kwa mtumbwi au boti, na watoto huyazoea maji mapema. Wavulana wakikutana hapo, haukawii mchezo wa kushindana: nani atapiga mbizi na kuibukia mbali zaidi?

Wako wazazi wanaokataza kabisa. Mimi sioni kama inafaa, kwa maana anayejua kubana pumzi hatataharuki upesi mtumbwi ukipinduka. Lakini iko tabia moja ya kukomesha leo leo. Kabla ya kuzama, vijana huhema harakaharaka mara nyingi, wakidhani wanajaza hewa mwilini. Sivyo. Oksijeni haiongezeki kiasi cha kusaidia. Kinachopungua ni hewa ya ukaa, ile hewa chafu tunayoitoa nje. Na hewa hiyo ndiyo inayotusukuma tutake kupumua. Ikipungua, mtoto hasikii haja ya kuibuka. Oksijeni humwishia angali chini, naye huzirai ghafla. Hatapitapi wala hapigi kelele, na katika maji ya tope wenzake hudhani bado anawashinda. Aliye hodari naye hupatwa, tena yeye zaidi, kwa kuwa hujilazimisha.

Mwanao na aanzie nyumbani, ameketi mkekani: avute pumzi polepole mpaka tumbo liinuke, aibane kidogo, kisha aitoe taratibu. Majini atulie kwanza mpaka moyo uache kwenda mbio, apumue kama kawaida, avute pumzi moja nzuri, azame. Aogelee bila papara, maana kurusharusha miguu hula hewa. Mwili ukidai pumzi, aibuke. Akishaibuka, apumzike muda mrefu kuliko aliokaa chini. Huko Japani wako akina mama waitwao ama, ambao tangu zamani huzamia kombe na mwani kwa pumzi yao tu. Hata wao hupumzika juu ya maji kabla ya kuzama tena.

Wasizame wote pamoja. Mmoja akizama, mwingine abaki juu akimtazama, tena mahali pa kina cha kifua, pasipo mkondo mkali wala mamba. Nehemia aliomba, kisha akaweka walinzi.

Mtoto akizirai, mtoeni upesi, alazwe chali mahali pagumu, na mtu mmoja akimbilie msaada. Ikiwa hapumui, inua kidevu chake, bana pua, mpulizie mdomoni mara 5. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, mpulizie mara 2, uendelee hivyo bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Msimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Hayo hupoteza muda na huweza kumpalia matapishi. Na hata akiamka akacheka, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, kwa kuwa maji yaliyoingia mapafuni huweza kumletea shida saa kadhaa baadaye.